Jibu la Barua Iliyomjia Marehemu

Mheshimiwa Waziri,
barua yako ilifika Jumanne,
pamoja na bili ya gesi na tangazo la mazulia.
Umemwandikia mume wangu, Clifford Oldroyd.
Umemshukuru kwa ujuzi wake adimu,
umemsihi arudi kwenye usukani, taifa linamhitaji.
Sahihi imepigwa na mashine. Sikulaumu,
ya kwake pia, mwishoni, haikuwa mkono wake.

Clifford hatakuja.
Tangu Februari yuko makaburini, safu ya tatu,
ameegeshwa, angesema mwenyewe,
na breki imevutwa.

Ila umeuliza. Acha nijibu mimi.

Mafuta yapo.
Hapa Immingham, nikiosha vyombo,
nauona mwali wa kiwanda ukilamba mawingu;
matangi yameshiba hadi shingoni.
Lakini kituo cha mwisho wa mtaa
kimevisha pampu zake mifuko ya taka,
na foleni imejikunja kutoka mzunguko wa barabara
hadi mlango wa kanisa la Methodisti.
Redio ilisema: msihofu.
Wakahofu.
Nimemwona mtu mzima na ndoo ya kumwagilia maua
akisubiri zamu yake ya petroli.
Bronagh, muuguzi wa wagonjwa wa majumbani,
amekwenda kufunga vidonda kwa baiskeli ya mdogo wake,
kiti kifupi, magoti yakimgonga kidevu.

Umetaka kujua walikokwenda madereva.

Miaka thelathini na mmoja Clifford alilala kando ya barabara,
pazia la kibanda likitikiswa na kila aliyempita.
Maghalani walimwambia: choo ni cha wafanyakazi.
Na yeye alikuwa nani, Mheshimiwa?
Nilikuwa nikizikuta chupa chini ya kiti chake,
zimefungwa vizuri, kama mtu anayeweka akiba.
Mshahara wa mwaka aliozaliwa binti yetu
na wa mwaka alioolewa
ulizidiana kwa bei ya kiatu.
Cha mguu mmoja.

Kulikuwa na Zbyszek, wa Suwałki.
Krismasi mbili alikula mezani kwetu,
akaleta uyoga wa siki kwenye mtungi wa jamu.
Baada ya kura ile, muuza magazeti alimuuliza,
kwa tabasamu kabisa: bado upo?
Akarudi kwao Machi. Sasa anapeleka jokofu Ujerumani,
na wanampa kahawa.

Halafu ukaja ugonjwa, vyumba vya mitihani vikafungwa,
vijana wakabaki na fomu mkononi.

Hayo unayo kwenye mafaili yako.
Hili huna.
Mjukuu wetu Rowan, siku moja, hapa hapa jikoni,
alimuuliza babu yake: je, nisomee leseni ya lori?
Clifford hakuinua macho kwenye mkate wake.
Akasema: usithubutu.
Neno moja tu. Kijana akaenda kupanga maboksi usiku.
Basi, katika maelfu unayoyahesabu,
dereva mmoja alipotelea kwenye meza hii,
nami nilikuwa namimina chai, na nikanyamaza.
Uandike na huyo.

Jana ulituletea mwanajeshi na lori la mafuta.
Mtoto, masikio mekundu, shingo kama ya bata mzinga.
Alirudi nyuma mara nne kabla ya kuingia;
Clifford angeingia mara moja, huku anamenya chungwa.
Watu wakapiga makofi.
Mimi sikupiga. Nilivaa koti nikampelekea chai,
maziwa mengi, sukari mbili.
Aliishika, hakuinywa. Akatazama viatu vyake,
akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama jirani hapa pana choo.

Nikamwonyesha nyumba.
Mlango wa kijani, nikamwambia, ghorofani, kushoto.
Taulo safi liko nyuma ya mlango.

Ni hayo tu.
Bi. Enid Oldroyd